Nani Aliipa Gombe Sauti? Safari ya muziki katika filamu za hali halisi

Mwaka 2014, katika hifadhi ya kumbukumbu za National Geographic nchini Marekani, yalifunguliwa makopo ya filamu ambayo hayakuwa yameguswa kwa miongo mingi. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya saa 100 za picha alizopiga Mholanzi Hugo van Lawick katika msitu wa Gombe, mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 1962. Zilimwonyesha Jane Goodall, msichana wa Kiingereza aliyeteremka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika tarehe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake, kwenda kuishi karibu na sokwe. Zilikuwa picha za rangi, safi, kana kwamba zimepigwa juzi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: zilikuwa bubu. Sokwe alipanua kinywa akapiga ukelele, na ukelele usisikike. Mawimbi yalipiga ufukwe bila kishindo. Mvua ya Kigoma ilinyesha kimya.

Kamera ya Van Lawick ilikuwa na jicho; sikio haikuwa nalo. Mwongozaji Brett Morgen alipotengeneza filamu kutokana na picha hizo, ikatoka mwaka 2017 kwa jina la Jane, ilibidi kila kinachosikika kutoka msituni kitafutwe mahali pengine. Milio ya ndege, kuvunjika kwa matawi na makelele ya sokwe vilipandikizwa studio. Kisha, juu ya yote hayo, akaitwa Philip Glass wa New York, mtunzi aliyekuwa ametimiza miaka 80, aitungie Gombe muziki wa okestra.

Mara ya kwanza niliitazama filamu hiyo kwa macho, kama watu wengi. Mara ya pili niliitazama kwa masikio, na hapo ndipo swali liliponishika. Ile furaha iliyonijaa kifuani nilipomwona sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti, ilitoka kwa sokwe au ilitoka kwenye fidla?

Filamu ya hali halisi, au dokumentari kama wengi tunavyoiita, inatuahidi ukweli. Watu ni wa kweli, mahali ni pa kweli, machozi ni ya kweli. Muziki peke yake ndio ambao haukuwapo siku ile. Hakuna okestra iliyojificha vichakani Gombe. Kwa hiyo historia ya muziki huu ni historia ya swali zito: ukiiwekea picha ya kweli sauti ambayo haikuwapo, unamsaidia mtazamaji aone, au unamwamulia cha kuona? Kwetu Afrika Mashariki swali hilo si la wasomi peke yao. Nyika zetu, misitu yetu na hata maiti wetu wamepigiwa muziki na watu waliotoka mbali.

Plau, vumbi na nyimbo za kanisani

Filamu za mwanzo zote zilikuwa bubu, na kila ukumbi ulijitafutia mpiga kinanda wake. Sauti ilipoanza kwenda pamoja na picha, mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu za hadithi ndizo zilizokimbilia okestra kubwa. Filamu za hali halisi hazikuwa na fedha hizo. Mlango ulifunguliwa mahali ambapo wengi wasingetazamia: katika ofisi ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia wakulima maskini.

Ofisi hiyo, Resettlement Administration, ilimpa kazi Pare Lorentz, mhakiki wa filamu ambaye hakuwa ameongoza filamu hata moja. Alitakiwa aeleze kwa nini nyanda za katikati ya Marekani zimegeuka vumbi. Majani yaliyoshikilia udongo yalikuwa yamefyekwa kwa plau na matrekta ili ipandwe ngano, hasa bei ilipopanda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukame ulipokuja miaka ya 1930, upepo ukaibeba ardhi. Familia zikapakia vyombo vyao kwenye magari mabovu, zikaelekea magharibi. Filamu ya Lorentz ilitoka mwaka 1936, ikaitwa The Plow That Broke the Plains, yaani plau iliyozivunja nyanda.

Muziki alimpa Virgil Thomson. Huyu alizaliwa Kansas City mwaka 1896, akapiga kinanda kanisani ujanani, kisha akaishi Paris miaka mingi akijifunza ufundi wa Ulaya. Angeweza kuwatungia wakulima wale muziki mzito wa kuwahurumia kutoka mbali. Hakufanya hivyo. Alizichukua nyimbo za dini walizoimba wenyewe Jumapili, na nyimbo za wachunga ng'ombe, akazipanga upya kwa okestra. Pale watu wanapoigombania ardhi kwa tamaa, aliingiza saksafoni na mtindo wa bluzi. Mwishoni, nchi ikiwa imekwisha, muziki unashika mwendo wa tango, taratibu, kama dansi ambayo wachezaji wake wamekwisha kwenda zao. Lorentz alipousikia alifanya jambo la nadra. Badala ya kuukata muziki utoshe kwenye picha, alizikata picha zifuate muziki.

Fikiria mtu wa nyanda zile amekaa ukumbini. Anaona shamba lililokufa, linalofanana na lake, na anasikia wimbo wa kanisa lake. Muziki ule haumwambii ajionee huruma. Unamwambia kwamba aliyetengeneza filamu hii anamfahamu.

Mwaka uliofuata wawili hao walitengeneza The River, juu ya Mto Mississippi, misitu iliyokatwa na mafuriko yaliyofuata, nayo ikashinda tuzo Venice mwaka 1938. Thomson alifika kileleni miaka kumi baadaye, kwa Louisiana Story ya Robert Flaherty. Ni kisa cha mvulana wa kwenye vinamasi vya Louisiana ambaye siku moja anaona mtambo wa kuchimba mafuta ukiingia majini mwao. Flaherty alikuwa na desturi ya kuwapa watu wa kweli visa vya kuigiza, kwa hiyo filamu hiyo inasimama mpakani, mguu mmoja kwenye hali halisi na mwingine kwenye hadithi. Thomson alichota tena kutoka kwa wenyeji, safari hii nyimbo za wakazi wenye asili ya Kifaransa. Mwaka 1949 muziki huo ulipewa Tuzo ya Pulitzer, na mpaka leo hakuna muziki mwingine wa filamu uliowahi kuipata.

Lipo jambo jingine la kukumbuka. Filamu hiyo ililipiwa na kampuni ya mafuta, Standard Oil. Ndani yake mtambo unaingia vinamasini na kuondoka kama mgeni mwenye adabu. Muziki wa Thomson ni mzuri kiasi kwamba mtazamaji husahau kuuliza nani aliyelipa. Kwa hiyo tangu mwanzo pande zote mbili za kazi hii zilionekana: muziki unaweza kumpa mtu maskini heshima yake, na unaweza pia kumlainishia tajiri njia.

Garimoshi la barua

Wakati Lorentz akihangaika na vumbi, London kulikuwa na kikundi kidogo cha watengeneza filamu chini ya Shirika la Posta la Uingereza, kikiongozwa na John Grierson. Mwaka 1936 kilitoa Night Mail, filamu ya dakika zipatazo 25 juu ya garimoshi linalobeba barua usiku kucha kutoka London hadi Uskoti. Shairi lake liliandikwa na W. H. Auden. Muziki ulitungwa na kijana wa miaka 22, Benjamin Britten, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa opera wa karne yake.

Wapanga barua tunaowaona walikuwa wafanyakazi halisi wa posta. Behewa lao, hata hivyo, lilijengwa studio, nao wakaelekezwa wayumbe miili yao kana kwamba wako safarini. Huo ulikuwa uhalisi wa filamu za hali halisi za wakati ule: watu wa kweli, kazi ya kweli, mtikisiko wa kuigiza.

Britten hakuwa na okestra. Alikuwa na wapigaji wachache na bajeti ya serikali, kwa hiyo aligeuza kila kilichokuwa karibu kuwa chombo. Msasa ulisuguliwa, mashine ya kuigiza upepo ikazungushwa, na mvuke na chuma vikazaliwa humo. Tena hakuutumia ovyo. Sehemu kubwa ya filamu inakwenda kwa kelele za reli na sauti za watu kazini. Muziki na shairi vinaingia kwa nguvu mwishoni, garimoshi likipanda milima ya Uskoti, maneno yakisomwa kwa mwendo wa magurudumu, yakikaza mwendo mteremkoni na kupumua mwishoni. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa kwa tenzi hahitaji kufafanuliwa hapo. Anajua kwamba mizani ikitulia, maneno hujiendea yenyewe.

Somo la Britten lilikuwa la kiasi. Muziki unaosubiri zamu yake huwa na nguvu kuliko unaomwagwa toka mwanzo hadi mwisho. Ni somo ambalo waandaaji wengi wa leo, wanaotandaza kinanda chini ya kila sentensi ya msimulizi, wangefaidika nalo.

Pale muziki ulipokataa kulia

Hanns Eisler alizaliwa Leipzig mwaka 1898, akakulia Vienna, akafundishwa utunzi na Arnold Schoenberg. Alikuwa mkomunisti na baba yake alikuwa Myahudi. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Ujerumani haikuwa tena mahali pa kukaa. Alitangatanga hadi Marekani. Huko, mwaka 1941, aliichukua filamu bubu ya Joris Ivens iitwayo Mvua, iliyopigwa Amsterdam na kutoka mwaka 1929, akaitungia muziki wa vyombo vitano. Aliupa jina linaloeleza kazi yake yote: Namna 14 za Kuielezea Mvua. Maji yaleyale yanaanguka kwenye paa na mitaro ileile, lakini kila sikio jipya linayapa maana mpya.

Mwaka 1947 kilitoka kitabu alichokiandika pamoja na mwanafalsafa Theodor Adorno juu ya utunzi wa muziki wa filamu. Hoja yao ilikuwa kwamba muziki unaorudia kile ambacho jicho limekwisha kuona ni muziki uliopoteza kazi. Mwaka 1948 Marekani ikamfukuza kwa siasa zake. Miaka michache baadaye, akiwa Berlin Mashariki, alipokea barua kutoka kwa Mfaransa Alain Resnais.

Resnais alikuwa akitengeneza filamu juu ya kambi za mauaji za Wanazi, miaka kumi baada ya vita. Maneno yaliandikwa na Jean Cayrol, mshairi aliyenusurika kambi ya Mauthausen. Filamu hiyo, Nuit et brouillard, yaani usiku na ukungu, ilitoka mwaka 1956 na ina dakika 32 tu. Inatupitisha katika majani mabichi yaliyoota Auschwitz, kwa rangi, kisha inatutupa katika picha za zamani nyeusi na nyeupe: treni, nywele, miwani, miili.

Mtunzi mwingine angeleta kwaya na fidla zinazolia. Eisler alifanya kinyume. Picha zinapozidi kutisha, muziki wake unazidi kuwa mwembamba. Filimbi inapita peke yake. Fidla zinadonolewa kwa vidole, kavu. Kwa wengi waliousikia kwa mara ya kwanza, muziki huu ulionekana kama usio na huruma, lakini ukikaa nao utasikia heshima kubwa ndani yake. Eisler hakutaka kutulilia kwa niaba yetu. Mtu akishaliliwa na okestra, hujiona amekwisha kulipa deni lake kwa maiti, akatoka ukumbini mwepesi. Eisler alituacha na mzigo wetu wote.

Nyika yapigiwa okestra

Wakati huohuo, kwetu, kamera zilikuwa zimefuata simba. Alfred na Elma Milotte walikaa takribani miaka mitatu wakipiga picha Kenya, Tanganyika na Uganda kwa ajili ya kampuni ya Disney, na mwaka 1955 ikatoka The African Lion. Muziki ulitungwa na Paul Smith, ambaye kazi yake katika mfululizo wa filamu za wanyama wa kampuni hiyo ilikuwa na kanuni moja: kila hatua ya mnyama ipate chombo chake. Katika filamu iliyotangulia, The Living Desert ya mwaka 1953, nge wawili walichezeshwa dansi la vijijini Marekani, picha zikikatwa kufuata mdundo. Watoto walicheka sana. Lakini nge wale hawakuwa wakicheza dansi, na mtoto aliyeitazama alitoka akijua dansi zaidi ya kumjua nge.

Kisha ikaja filamu ambayo Watanzania wengi wanaijua walau kwa jina: Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haipaswi kufa. Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuja na mwanawe Michael katika ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakahesabu wanyama kutoka angani na kufuatilia njia za nyumbu. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, akiwa na miaka 24, aligongana na tumbusi angani, ndege ikaanguka, akafa. Amezikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, akalazwa karibu naye. Filamu ilitoka mwaka uleule wa 1959, ikashinda Tuzo ya Oscar, na ulimwengu ukaanza kuitazama Serengeti kama mali ya binadamu wote.

Jina la aliyeitungia muziki halitajwi sana: Wolfgang Zeller. Alizaliwa mwaka 1893. Mwaka 1926 aliitungia muziki filamu ya vivuli ya Lotte Reiniger juu ya mwanamfalme Achmed, kazi nzuri ya sanaa. Lakini mwaka 1940, wakati Eisler akiwa uhamishoni, Zeller ndiye aliyetunga muziki wa Jud Süß, moja ya filamu za chuki zilizotengenezwa na utawala wa Nazi ili kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi. Vita vilipokwisha, mwaka 1947, alitunga muziki wa filamu iliyoomboleza mateso ya watu haohao. Mwaka 1959 akaja Serengeti.

Simwandiki Zeller ili nimhukumu marehemu. Namwandika kwa sababu maisha yake yanaonyesha kitu kuhusu kazi yenyewe. Mkono uleule, ufundi uleule, uliinua chuki, ukaomboleza waliouawa kwa chuki, kisha ukaisifu nyika yetu. Muziki una nguvu, lakini dhamiri hauna; dhamiri lazima iletwe na mtu.

Na hata juu ya Serengeti iko haja ya kusikiliza kwa makini. Filamu ile ilisaidia kuokoa hifadhi, na kwa hilo tunaishukuru. Lakini mwaka huohuo wa 1959 Wamaasai waliokuwa wakichunga ndani ya mipaka ya hifadhi waliondolewa, wakaelekezwa Ngorongoro. Okestra kubwa ikiisindikiza misafara ya nyumbu, mtazamaji aliyeketi Frankfurt huona bustani ambayo mwanadamu hakuwahi kuwa na makao ndani yake. Kengele za ng'ombe na nyimbo za morani, sauti ambazo zilikuwapo kweli, haziwezi kushindana na sauti ambayo haikuwapo.

Zanzibar kutoka angani

Mfano mchungu kuliko yote ni Africa Addio, ya mwaka 1966. Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walizunguka bara hili wakati bendera za wakoloni zikishushwa. Mwezi Januari 1964 kamera yao ilipita angani juu ya Unguja, ikapiga picha za waliouawa siku za Mapinduzi. Picha hizo ni ushahidi ambao haupatikani kwingine. Wapo wazee Unguja, na wapo jamaa zao Muscat, ambao kwao vile vitone vilivyolala mchangani vinaweza kuwa baba, shangazi au jirani.

Muziki wa filamu hiyo ni wa Riz Ortolani, mtunzi hodari. Kwa filamu ya mwanzo ya waongozaji haohao, Mondo Cane ya mwaka 1962, yeye na Nino Oliviero walitunga wimbo uliopendekezwa kwa Tuzo ya Oscar na kuimbwa dunia nzima. Katika Africa Addio fidla zake ni laini, tamu, zenye simanzi ya jioni. Lakini sikiliza simanzi hiyo inamwendea nani. Upole wa muziki umewekwa kwa mlowezi anayeuza samani zake na kuaga. Jina lenyewe, Kwaheri Afrika, ni la mtu anayeondoka. Wanaobaki wanapewa kelele na hofu.

Hapa ndipo ninapomrudia Eisler. Alikabidhiwa maiti, akapunguza sauti mpaka tukabaki nao uso kwa uso. Ortolani alikabidhiwa bara zima lenye maiti na matumaini yake, akalifunika kwa utamu. Wote wawili walikuwa mafundi. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliwaona waliokufa kuwa watu wanaodai jibu, na mwingine akawatumia kuzidisha huzuni ya mtu mwingine.

Dereva wa teksi na hukumu ya kifo

Philip Glass, yule wa Gombe, alizaliwa Baltimore mwaka 1937. Mpaka karibu na umri wa miaka 41 alikuwa akijipatia riziki kwa kazi za mikono na kuendesha teksi New York, huku akitunga muziki wa vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa na kubadilika kidogokidogo. Godfrey Reggio, aliyewahi kuwa mtawa wa Kikatoliki, alipomwomba atunge muziki wa filamu, Glass alikataa. Reggio akaziweka picha zake juu ya muziki wa Glass, akamwonyesha. Matokeo ni Koyaanisqatsi ya mwaka 1982, jina la Kihopi, lugha ya wenyeji asilia wa Marekani, lenye maana ya maisha yaliyopoteza mizani. Haina msimulizi wala mazungumzo. Mawingu, barabara, viwanda na umati wa watu vinapita, na muziki ndio unaobeba hoja yote.

Mwaka 1988 zilifuata mbili. Katika Powaqqatsi, iliyozunguka Amerika ya Kusini, Asia na Afrika kuwatazama watu wafanyao kazi za sulubu, Glass alishirikiana na Foday Musa Suso, mpiga kora wa Gambia. Safari hii mkono wa Mwafrika ulikuwa ndani ya muziki, si mbele ya kamera tu. Ya pili ilikuwa The Thin Blue Line ya Errol Morris, juu ya Randall Adams, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya askari polisi wa Dallas mwaka 1976. Morris aliigiza tena na tena tukio la usiku ule, kila mara kufuata maelezo ya shahidi mwingine. Muziki wa Glass unazunguka chini yake bila kuchoka, kama mtu anayehesabu upya fedha ambazo hazitimii. Mtazamaji anaanza kuhisi kwamba jambo fulani katika ushahidi halikai sawa. Adams aliachiwa huru mwaka 1989, filamu ile ikiwa imechangia sana kuufungua upya mjadala.

Masikio ya Ulaya yalimlaumu Glass kwa kurudiarudia. Aliyekulia kwenye ngoma hawezi kumlaumu kwa hilo. Kwetu kurudia ndiko kunakomwingiza mtu ndani, mpaka badiliko dogo la mkono mmoja linashtua uwanja mzima.

Ndege walewale, miziki miwili

Mwaka 2005 Mfaransa Luc Jacquet alitoa filamu juu ya ndege wa Antaktika aina ya penguini wanaotembea kilomita nyingi barafuni kwenda kuzaliana. Nchini Ufaransa filamu hiyo ilisikika na nyimbo za Émilie Simon, sauti changa juu ya milio ya kompyuta, na waigizaji waliowasemea ndege. Ilipopelekwa Marekani kama March of the Penguins, vyote hivyo viliondolewa. Akaletwa Morgan Freeman kusimulia, na Alex Wurman akatunga muziki mwingine kabisa wa okestra. Toleo hilo lilifungua njia ya Tuzo ya Oscar. Barafu ileile, ndege walewale, na bado waliotazama Paris na waliotazama Chicago hawakusafiri safari moja.

Katika kisa hicho naona tumaini. Picha ikishapigwa imepigwa, lakini sikio lake laweza kubadilishwa. Filamu bubu ya Dziga Vertov, Man with a Movie Camera ya mwaka 1929, ilitungiwa muziki mpya na Alloy Orchestra mwaka 1995, kisha na Michael Nyman mwaka 2002, na kila muziki umeionyesha miji ileile ya Kisovyeti kwa mwanga mwingine.

Basi nayarudia makopo ya Van Lawick. Muziki wa Glass kwa Gombe ni mzuri, na nimeupenda. Unamtazama Jane kwa upendo, ujana wake, ndoa yake, mtoto wake. Ila umemtazama yeye. Katika kambi ile walikuwapo pia waongoza njia, wapishi na waendesha mitumbwi wa Kigoma, waliojua msitu ule kabla ya kamera yoyote. Walikuwa na ngoma zao na nyimbo zao za kupigia makasia, na hazimo.

Mafundi wa kuziweka wapo. Zanzibar kuna chuo kinachofundisha udi na ganuni mpaka leo. Bagamoyo kuna taasisi inayolea wapiga ngoma na waigizaji. Dodoma Wagogo bado wanapiga zeze na ilimba. Kinachokosekana ni mtayarishaji anayempigia simu mtunzi wa hapa mapema, kabla picha hazijakamilika kukatwa, kama Lorentz alivyomwendea Thomson, badala ya kuokoteza muziki wa bure intaneti usiku wa kuamkia siku ya kurusha kipindi.

Eisler alipata namna 14 za kuielezea mvua ya Amsterdam. Mvua ya Kigoma ya miaka ya 1960 bado iko kwenye makopo yale, inanyesha kimya juu ya majani ya Gombe. Inangoja namna ya 15, kutoka kwa mtu aliyewahi kulowana nayo.